Mguu Usiotajwa

Katika nyumba ile mguu wa Mkaguzi haukutajwa. Sheria hiyo haikuandikwa popote, wala hakuna aliyeikumbuka siku ilipotangazwa, lakini kila aliyepita lango lile aliijua kama mkono uijuavyo njia ya kinywani. Mgeni aliyemkuta Mkaguzi akishuka ngazi ya baraza kwa taabu aliyageukia maua na kuyasifu. Mama Pacha, aliyepika na kufua, aliukunja mkeka wa sebuleni na kuuweka kabatini, asiseme kwa nini. Hata daktari alijifunza kuuliza habari za “upande ule.”

Mkaguzi alikuwa amekagua shule tangu ujana wake. Walimu wenye wajukuu walitokwa jasho walipoliona gari lake likikata kona. Kiharusi kilipomjia hakikubisha hodi. Kilimwachia akili yake yote na sauti yake yote, na mguu wa kushoto uliokuja nyuma yake kama mtoto asiyetaka kwenda shule.

Bustani ya nyumba ile ilikuwa mikononi mwa mume wa Mama Pacha. Yeye, mkewe na mabinti wao wawili waliozaliwa pamoja walilala katika chumba cha uani, ukuta kwa ukuta na stoo ya majembe. Chumba kilikuwa sehemu ya ujira. Anayeacha kazi huacha na ufunguo. Pacha walikuwa wamepokelewa katika shule nzuri ya jirani kwa neno moja la Mkaguzi, na mwaka ule ndio uliokuwa wa mtihani wao wa kumaliza. Baba Pacha alilijua hilo kila alipoinama na kila alipoinuka.

Mbwa aliletwa na Shemeji, dada wa marehemu mke wa Mkaguzi, mwanamke mwenye huruma nyingi na ulimi usiokaa na njaa. Alisema nyumba bila kiumbe ni kaburi lenye madirisha. Mkaguzi alimtazama mbwa yule mchanga, mwenye miguu mirefu kuliko akili yake, akamwita Karani.

“Mkaguzi hatembei bila karani,” alisema, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu watu wa nyumba ile kumsikia akifanya mzaha.

Jioni ileile alitoka naye. Alitaka kuonekana barabarani tena, mtu mwenye fimbo na mbwa, si mtu mwenye fimbo tu. Walipofika pembeni mwa kibanda cha fundi viatu, Karani aliona paka, akaruka. Mkaguzi alianguka kifudifudi. Kofia yake ilibingirika mpaka kwenye mtaro.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililokuwa baya. Watu wote waliokuwa pale, wakiishika ile sheria, waligeuza nyuso zao: fundi viatu alikitazama kiatu, mwenye duka aliitazama mizani yake. Kumwinua kungekuwa kuutaja mguu. Mzee wa watu alilala vumbini peke yake katikati ya adabu ya mtaa mzima, hadi Baba Pacha alipokuja mbio kutoka langoni.

*

“Utamfundisha huyu,” Mkaguzi alisema kesho yake, akiwa ameketi barazani na kidevu chenye mchubuko. “Atembee ubavuni mwa mtu. Ubavu wa kushoto, kamba ikiwa imelegea. Asitangulie, asibaki nyuma.”

“Ndiyo, mzee.”

“Ulishawahi kufundisha mbwa?”

“Nilifundisha ng’ombe wa jembe, mzee, nilipokuwa kwa baba.”

“Ng’ombe.” Mkaguzi alilipima neno hilo kama jibu la mwanafunzi lisilo sahihi wala kosa kabisa. “Haya. Akishindwa, tutajua kama aliyeshindwa ni mwanafunzi au ni mwalimu.”

Baba Pacha alianza kazi nyuma ya ua wa michongoma. Mbwa alipovuta, alisimama kama nguzo, asimvute wala asimkemee. Mbwa alipochoka kuvuta bure na kurudi, kamba ikalegea, ndipo walipoendelea. Alipotaka kwenda kulia, mtu alikwenda kushoto. Alipokaa sawa na goti, alipata kipande cha mkate mkavu na kukunwa nyuma ya sikio. Neno lilikuwa moja tu, “Nami,” nalo lilisemwa kwa sauti ya chini, kwa maana mnyama anayefundishwa kwa makelele hujifunza makelele.

Karani alikuwa na kichwa chepesi. Haukupita muda akawa anakwenda ubavuni mwa Baba Pacha kama kivuli cha saa nne, na kamba ikining’inia kati yao mithili ya uzi wa nguo uliosahauliwa. Mama Pacha alitoka jikoni na mwiko mkononi kuwatazama.

“Angalau kuna mmoja hapa anayekusikia,” alisema.

“Huyu nampa mkate.”

“Na mimi nipe mkate uone.”

Basi siku ikafika, Mkaguzi akashuka uwanjani, akaichukua kamba. “Nami,” alisema. Karani alianza vyema. Kisha mguu ule ukaburuzika juu ya changarawe, kwaruu, na mbwa akashtuka, akaruka mbele, akageuka kutazama ni kitu gani kinachowafuata. Hakuona kitu. Hatua ya pili ikaja fupi alipotazamia ndefu, akajikuta mbele tena. Akarudi kwa kuzunguka, na kamba ikajisokota kwenye fimbo. Baba Pacha aliidaka fimbo kabla haijaanguka na mwenyewe.

“Kwako anakwenda,” Mkaguzi alisema, akihema. “Kwangu haendi. Sikukutuma umfundishe kukupenda wewe.”

“Sivyo, mzee.”

“Ila ni vipi? Eleza.”

Baba Pacha alifungua kinywa. Alijua hasa ni vipi. Akayageukia maua, kama walivyofanya wageni.

“Nitaongeza bidii, mzee.”

“Bidii,” Mkaguzi alisema, “ni neno la walimu wavivu.”

*

“Mbwa hana kosa,” Baba Pacha alimwambia mkewe, akimshikia ncha ya shuka walipokuwa wakianika. “Mbwa hufuata mwendo. Mimi nina wangu, na yeye ana...”

Aliishia hapo. Hata kwenye kamba ya nguo, mume na mke peke yao, sheria ilikuwa imesimama kati yao na mashuka.

“Malizia,” alisema Mama Pacha.

“Unajua.”

“Basi kamwambie.”

“Nimwambie nini? Mzee, pita uwanjani nikutazame unavyo...”

Mama Pacha aliisikiliza sentensi ile mpaka mahali ilipokatika, akatikisa kichwa. “Hapana. Usimwambie. Lakini akianguka tena kwa mbwa uliyemfundisha wewe, ujue sisi ndio tutakaolala mtaroni.”

Kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba kulikuwa na kiatu cha kushoto cha Mkaguzi, kimelika soli puani hata fundi akakikataa. Baba Pacha alikitoa, akakikung’uta, akakivaa. Kilimbana kidogo. Alikata tawi la mpera lenye urefu wa fimbo ya Mkaguzi. Kisha akatoka na Karani kwa mlango wa nyuma hadi uchochoroni, ambako kuta ni ndefu na wapitao ni wachache, akaegemea fimbo kwa mkono wa kulia, akauacha mguu wa kushoto ubaki nyuma, akauvuta. Kwaruu.

Karani aliruka.

“Nami,” alisema Baba Pacha, akasimama kumngoja.

Ilikuwa kazi ngumu kuliko ya kwanza, kwa kuwa safari hii alikuwa na wanafunzi wawili, mbwa na nyonga yake mwenyewe. Alimkumbuka Mkaguzi hatua kwa hatua: fimbo, mguu mzima, kituo kifupi kama cha mtu anayevuta pumzi, ndipo mguu ule. Alijifunza kwamba kwenye mteremko kituo kilikuwa kirefu zaidi. Alijifunza kwamba bega la kushoto hushuka. Kwa kuutembea mwendo ule aliujua uchungu wake kuliko daktari, akamhurumia mzee yule huruma ambayo hakuwa na ruhusa ya kuionyesha. Na Karani naye alijifunza. Masikio yake yaliacha kushtuka. Alikuja kukijua kile kituo kifupi, akawa anakingoja, unyayo mmoja umeinuliwa, mpaka kiatu kikwaruze ndipo aushushe.

Fundi viatu, ambaye mlango wake wa nyuma ulitazama uchochoro, aliwaona.

“Baba Pacha, siku hizi mguu nao unarithiwa mtu akiwa hai?”

“Nyamaza, fundi. Namfundisha mbwa.”

“Naona. Na kiatu nakijua, nimekishona zaidi ya ndoa yangu.” Fundi alicheka mpaka akafuta macho. “Huo mwendo umeupatia. Hata bega.”

Waliokuwa kibandani walitoka kuona kinachochekesha, nao wakacheka. Kumbe kicheko kile walichokimeza siku ya kofia mtaroni kilikuwa bado matumboni mwao, kimechacha, na sasa kilikuwa kimepata mlango.

“Hujafa hujaumbika,” Baba Pacha aliwaambia kwa ukali, “msicheke,” lakini yeye ndiye aliyekuwa akichechemea, na maneno yake yaliwazidishia kicheko.

Saa ileile Mkaguzi alikuwa akipanda ngazi za ghorofani. Hakumwambia mtu. Tangu augue alikuwa akilala chumba cha chini, na alikuwa amejiapia kwamba atavifikia vitabu vyake kabla mwaka haujaisha. Alishika nguzo, akapumzika, akapanda, akapumzika. Alipofika juu shati lilikuwa limelowa na moyo ulikuwa umejaa furaha ya mtoto aliyefaulu. Alikwenda dirishani apate upepo. Chini, uchochoroni, aliuona mguu wake mwenyewe ukitembea bila yeye, ndani ya kiatu chake mwenyewe, na watu wakiushangilia.

*

Baba Pacha aliitwa sebuleni Jumapili, mbele ya Shemeji na mbele ya Mama Pacha aliyekuwa ameshika sinia. Kiatu kilikuwa juu ya meza, kimewekwa juu ya gazeti.

“Hiki ni nini?” Mkaguzi aliuliza.

“Kiatu, mzee.”

“Cha nani?”

“Chako, mzee. Kilikuwa kimetupwa.”

“Nacho ulikuwa ukikifanyia nini uchochoroni, mbele ya wahuni?”

“Nilikuwa namfundisha mbwa.”

“Kumbe siku hizi mbwa hufundishwa kuchechemea,” alisema Shemeji. “Ama kweli, asante ya punda ni mateke. Shemeji yangu amewapa hawa paa la kulalia, amewasomeshea watoto.”

Mama Pacha aliweka sinia chini. “Baba Pacha, sema.”

“Mama Pacha.”

“Sema, au nitasema mimi.”

Alisema. Alisema akiitazama sakafu, kwa maneno machache na ya heshima: kwamba mbwa hufuata mwendo wa mtu, kwamba mwendo wa mzee una kituo chake, kwamba mguu wa mzee...

Neno likatoka. Likakaa mezani karibu na kiatu. Shemeji alifunika kinywa kwa kitambaa.

Uso wa Mkaguzi haukubadilika. Laiti angekuwa ameusikia ukweli ule kabla ya kukiona kicheko, pengine angeusikia kama ukweli. Lakini mtu aliyechekwa huwa na sikio moja tu.

“Nilipokuwa mkuu wa shule, kabla ya ukaguzi,” alisema polepole, “palikuwa na kijana mwenye kilema. Mwenzake mmoja alimwiga mwendo darasani ili watu wacheke. Sikumpiga. Nilimwamuru atembee vilevile alivyoiga, darasani, uwanjani na kanisani, mpaka muhula ukaisha. Hakurudia.” Alikisukuma kiatu kwa ncha ya fimbo. “Vaa. Kila utakapokanyaga ndani ya ua wangu na katika mtaa huu, utatembea hivyo mpaka mwisho wa mwezi. Siku nitakapokuona umenyooka kabla ya hapo, weka ufunguo wa chumba juu ya meza hii. Na mbwa usimguse.”

Mama Pacha alianza kusema neno. Mumewe alimtazama, naye akaokota sinia.

Baba Pacha alipiga goti, akavua kiatu chake, akakivaa kile. Alitoka sebuleni akichechemea. Kwaruu, kwaruu, mpaka mlango wa jikoni.

*

Yapo mambo ambayo mtu huyafanya kwa hiari yake na yakawa kazi, na mambo hayohayo akilazimishwa yakawa mzigo. Uchochoroni nyonga haikumuuma. Sasa ilimuuma hata akilala. Alichechemea na ndoo ya maji, alichechemea na toroli la samadi, alichechemea mpaka dukani kununua chumvi. Mtaa uliocheka sasa ulinyamaza. Habari ilikuwa imekwisha kuenea, na watu walirudia adabu yao ya zamani, wakamgeuzia nyuso kama walivyomgeuzia bwana wake. Fundi viatu, ambaye neno lake moja lingetosha, alikutana naye njiani akainama kutafuta msumari.

“Nilitaka kwenda kumwambia mzee,” alisema akiwa ameinama vivyo hivyo. “Ila unajua, viatu vyake vyote viko kwangu.”

“Najua, fundi. Endelea kutafuta msumari.”

Pacha walimkuta langoni wakitoka shule pamoja na wenzao. Mmoja alimwamkia. Wa pili, aliyekuwa akishikana mkono na rafiki yake, alisema, “Huyo ni mtunza bustani wa pale,” akapita. Jioni hakula. Baba yake hakumuuliza sababu.

Mkaguzi naye, kwa kuwa mbwa hakuwa tena na wa kumtembeza, alimtoa mwenyewe. Shemeji aliandamana naye, akiwa tayari kumdaka. Hapakuwa na haja. “Nami,” alisema mzee, na Karani akasimama kushoto kwake. Fimbo, mguu mzima, kituo. Mbwa aliinua unyayo, akangoja. Kwaruu. Mbwa akaushusha. Walikwenda hivyo mpaka kibandani, wakaipita ile pembe ya aibu, na paka yuleyule alikuwa ukutani, na kamba haikukaza.

“Ajabu!” alisema Shemeji. “Utadhani amezaliwa nawe. Nani amemfundisha?”

Mkaguzi aliendelea kutembea. Kwenye mteremko wa kurudia nyumbani kituo chake kilikuwa kirefu zaidi, naye mwenyewe hakuwahi kulijua hilo mpaka alipomwona mbwa akilijua. Alitazama chini, akauona unyayo ule umeinuliwa hewani, ukimngoja kwa subira. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya darasa na kutambua somo lililoandaliwa na lisiloandaliwa. Alilitambua.

“Mbwa humjua bwana wake,” alisema hatimaye, na Shemeji akasema kweli kabisa.

*

Kesho yake aliingia jikoni, mahali ambapo hakuwa na desturi ya kuingia, akasimama akitazama sufuria.

“Mama Pacha. Mwambie mumeo ile adhabu imekwisha.”

“Imekwisha, mzee?”

“Imetosha. Atembee.” Aliinua kifuniko cha sufuria, akakirudisha, kana kwamba palikuwa na neno lingine lililokwama mahali fulani ngazini. “Chai isiwe na sukari nyingi,” alisema, akaenda zake.

Mama Pacha alikimbia mpaka kwenye miche akiwa bado na unga mikononi. Mumewe alimsikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe.

“Amekuambia wapi?”

“Jikoni.”

“Alikuwepo nani?”

“Mimi na sufuria. Kwani unataka tarumbeta?”

“Aliniadhibu sebuleni, Jumapili, mbele ya mgeni. Mtaa mzima unajua. Leo ananifutia kwa mlango wa jikoni, ili kesho nikinyooka watu waseme nimesamehewa kosa.” Aling’oa gugu, akalikung’uta udongo. “Mimi sikukosa. Asiyekosa hasamehewi. Akitaka, aseme palepale aliposemea.”

“Hatasema. Unamjua.”

“Basi alisema mwisho wa mwezi.”

“Baba Pacha, heshima haipikwi tukala.”

“Na aibu je? Mbona tunaila kila siku, na wewe ndiye unayepakua?”

Alijuta kabla neno halijatua. Mama Pacha alisimama akiitazama mikono yake yenye unga. “Ninapakua,” alisema, “ili wale wawili wafanye mtihani,” akarudi jikoni.

Aliendelea kuchechemea. Sasa hakwenda kwa njia ya nyuma. Kila asubuhi alipita mbele ya baraza, ambapo Mkaguzi alikunywa chai, akiburura kiatu kile juu ya changarawe kutoka upande mmoja wa kikombe mpaka upande wa pili. “Shikamoo, mzee.” “Marahaba.” Mkaguzi alihamisha kiti chake ndani. Kwaruu ile ilimfuata kupitia dirishani. Alipotoka na mbwa aliisikia nyuma yake, asijue kama ni ya mtunza bustani au ni yake. Siku moja, mbele ya Shemeji, alifungua kinywa, na Baba Pacha akasimama na ndoo yake, akangoja, kama alivyomngoja mbwa. Mkaguzi alisema waridi limekauka upande wa ukutani.

“Ndiyo, mzee. Nitalitilia maji.”

Pacha walifanya mtihani wao. Mwezi ukaisha.

Asubuhi ile Mkaguzi alikuwa barazani, Karani amelala kushoto kwake. Baba Pacha alikuja akichechemea mpaka chini ya ngazi, amebeba kiatu chake mwenyewe cha kushoto kwapani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Mwezi umeisha.”

“Umeisha,” alisema Mkaguzi.

Baba Pacha aliketi kwenye ngazi, bila kuomba ruhusa, akavua kile kiatu cha kushoto. Alikiweka kwenye daraja la kwanza, pua ikimwelekea Mkaguzi, na fimbo ya mpera akailaza kando yake. Akavaa chake, akafunga kamba. Alipoinuka alisimama kidogo mpaka nyonga ikubali, kisha akaondoka kuelekea bombani, mtu mzima kwa miguu yote miwili, wala hakugeuka.

Karani aliinua kichwa. Aliusikia mwendo ule wa kwanza kabisa, wa nyuma ya michongoma, wa mkate mkavu na wa kukunwa sikio, akasimama, mkia ukipiga mguu wa kiti. Alishuka daraja moja, pua ikagusa kiatu kilichowekwa pale. Mkaguzi hakumwita. Aliusogeza tu mguu wake, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, nao ukakwaruza sakafu.

Mbwa alisita, unyayo mmoja hewani. Kisha akarudi, akakaa kushoto, sawasawa na goti. Alikuwa amefundishwa vizuri.